Fundi na Fundichuma

Kamati ya ujenzi ilikaa Jumanne,
magimbi ya kuchemsha, chai ya tangawizi,
ikapitisha kwa mikono saba dhidi ya mmoja
kwamba mkuyu wa chemchemi ukatwe.
Sababu ziliandikwa mbili. Majani yanaziba mifereji ya paa jipya.
Ya pili mwenyekiti aliisema kwa sauti ya chini:
wapo waumini, hatutaji majina,
wanaoacha unga pale shinani kwa ajili ya yule ndege.

Mkono mmoja ulikuwa wa Bibi Atuganile,
asiyejua kusoma na anayejua nyimbo zote.

Mimi ndiye fundi. Msumeno wa moto ni wangu,
na mkopo wake bado haujaisha.

Fundichuma, kichwa kama nyundo,
rangi ya udongo wa Mwakaleli ukilowa,
hutembea kwenye tope la chemchemi kama mkaguzi:
anakanyaga, anatikisa mguu, chura anajitokeza.
Nyanya yangu hakumtaja jina. Alimwita mwenye mji.
Ukivunja nyumba yake, alisema, radi itaijua yako.
Akiokota unywele wako akaujengea,
kichwa chako hakitatulia tena.
Kisha Jumapili alifunga kilemba cheupe
akaenda kupokea mkate na divai,
na sikumwona hata siku moja akijikwaa
kati ya njia hizo mbili.

Alhamisi nikapanda, kamba kiunoni.

Kiota kilikuwa kipana kama mkokoteni.
Nilianza kuhesabu vijiti, nikaacha.
Ndani kimepigwa lipu ya tope,
mlango unatazama chini, upande
ambao mvua ya kutoka ziwani haifiki.
Miaka ishirini naezeka nyumba za watu.
Nilikigonga kwa kiganja. Hakikutikisika.
Juu ya paa bundi amepanga chumba.
Ubavuni nyuki, na sidhani wanalipa kodi.
Na ukutani, kati ya mfupa wa panya na kizibo cha soda,
ule utepe mwekundu wa Kitabu cha mimbarini
uliopotea Pasaka,
tukamshuku mtoto wa Andembwisye
hadi mama yake akahama benchi.

Nikakaa pale juu.
Ng'ambo naona mikaratusi ya mradi wa kwaya,
imenyooka, mistari kwa mistari,
na chini yake kijito alichooshea mama magimbi:
siku hizi ni njia ya mbuzi.
Hapa chini ya mkuyu ndoo ya msichana
inajaa kabla hajamaliza kupiga miayo.
Mchungaji hutusimulia kunguru waliomlisha nabii,
hutuambia Baba humwona shomoro akianguka.
Sijamsikia akisema
huyo shomoro alikuwa ametua juu ya nini.

Hofu ya radi? Ilikuwepo, sitakataa,
ndogo, ya utotoni, nyuma ya shingo.
Lakini kilichonishusha ni kitu kingine:
niliona kazi nzuri.

Nikamwambia mwenyekiti plagi ya msumeno imekufa.
Ni uongo, na niliusema uani mwa kanisa,
kwa hiyo nauandika hapa usije ukaozea ndani.
Basi wiki ijayo, akasema.
Wiki ijayo, nikajibu, Mungu akipenda.
Bibi Atuganile, aliyekuwa akifagia ngazi,
akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Utepe sikuutoa.
Jumapili mchungaji alilowesha kidole,
akafunua, akarudi, akafunua tena, akitafuta somo.
Tukasubiri, waumini mia na kitu, kimya,
na kwenye dirisha lisilowekwa kioo bado
tukawasikia wawili wale wakigombana kwa furaha
juu ya kijiti, mahali pa kukiweka.